Pompi, Mbuzi na Kopi ya Jiografia

Patro alinieleza kwa simu kwamba injini ya boti yake inatoa jasho. Nilipofika bandarini nikakuta jasho hilo limejaza beseni, na kijana mmoja analimwaga ziwani huku akipiga mluzi.

Mimi ni fundi wa mashine za mazutu, yaani dizeli, hapa Bukavu. Chakula changu kinatoka kwenye jenereta, na kwa jinsi umeme wetu unavyoondoka bila kuaga, namshukuru Mungu. Boti nilikuwa nazipanda tu, tena nikikaa karibu na mlango. Lakini mazutu ni mazutu, iwe chini ya duka la unga au juu ya Ziwa Kivu, basi nikakubali kuja kuangalia.

Boti ni ya chuma. Inabeba watu na mizigo kati ya Bukavu na kisiwa cha Idjwi, mara mojamoja inafika hadi Goma. Injini yake ya silinda nne ilinunuliwa mtumba pamoja na kitabu chake, na humo kitabuni ile sehemu iliyokuwa inavuja imeandikwa kuwa ni pompi ya maji ya bahari. Kutoka Bukavu hadi bahari iliyo karibu ni zaidi ya kilomita elfu moja, tena ukiwa na mabawa. Ziwa letu halina chumvi ya bahari na liko mita 1,460 juu yake. Kapiteni hakujali. Kwake maandishi yale yalikuwa sifa.

"Fundi, hii walijengea bahari," alinihakikishia. "Ziwa ni mchezo kwake."

Niwaeleze kidogo pompi hiyo inafanya nini, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini siku ile nilitaka kulia. Inanyonya maji ya ziwa kupitia tundu lililo chini ya boti, inayasukuma kwenye kipozeo cha injini, kisha maji yanatemwa nje pamoja na moshi. Ukiona bomba la moshi la boti linakohoa maji, furahi, mambo ni mazuri. Ndani ya pompi kuna turbini ya raba yenye mabawa sita. Mhimili unaoizungusha umevalishwa sili mbili: moja inazuia maji ya ziwa yasipite, nyingine inazuia oili ya injini isitoke. Katikati ya sili hizo, upande wa chini, wenye akili waliotengeneza pompi waliacha kitundu kidogo kilicho wazi. Kitundu hicho kazi yake ni umbeya. Kikidondosha maji, kinakwambia sili ya maji imekwisha. Kikidondosha oili, kinaisema ile nyingine. Siku hiyo kilikuwa kinadondosha maji bila kupumzika.

Nikamwambia Patro sili imekwisha, na turbini nayo ibadilishwe maadamu tunafungua.

"Bei gani?"

Nikamtajia.

"Sasa, si tuzibe tu hicho kitundu?"

Nikavuta pumzi. Nikamweleza kwamba kitundu hakivujishi, kinatangaza. Ukikiziba, maji hayarudi ziwani kwa aibu. Yanatafuta njia nyingine, yanaingia kwenye beringi, yanaivuka sili ya pili, yanaingia kwenye oili, na siku moja unachomoa kijiti cha kupimia oili unakuta rangi kama chai ya maziwa. Hapo unanunua injini. Patro alisikiliza vizuri sana, akitikisa kichwa kila nilipotua. Nimejifunza kuogopa watu wanaonisikiliza hivyo.

Sili ya namna ile haikupatikana Bukavu. Kadutu sokoni nilionyeshwa sili za Toyota, za mashine ya kusaga mihogo, na moja ambayo muuzaji mwenyewe hakujua ni ya nini ila aliapa kwamba itaingia. Nikampigia mtoto wa dada yangu aliyeko Mwanza, kwa kuwa penye meli nyingi hapakosi sili. Akaipata, akaiweka kwenye basi. Ikawa tunangoja.

Mananasi ya Idjwi hayangoji.

Sasa nimtaje yule kijana wa mluzi. Alikuwa shemeji wa Patro, ndugu wa mke wake, na cheo chake botini kilikuwa msaidizi wa kila kitu. Patro alipooa dada yake alitoa mahari nusu, ng'ombe wengine wakabaki kwenye maneno. Kwa hiyo Shemeji hafukuziki. Akivunja kitu, Patro anafoka, kisha anawakumbuka wale ng'ombe, sauti inashuka. Kapiteni alikuwa akihesabu: kila kosa la Shemeji ni kwato moja imelipwa.

Usiku, Shemeji akatafuna shikleti, akaichanganya na gundi ya kubandika matairi, akakiziba kitundu. Asubuhi chini ya injini pakawa pakavu. Patro aliniita nije kuona kwa macho yangu.

"Haya, Fundi. Yeye hakusoma. Lakini iko inavuja?"

"Haivuji, Patro."

"Njo vile."

Bado alitaka niende nao Idjwi, eti kuisindikiza pompi. Akanipa nusu ya malipo mkononi, nusu nyingine tukirudi. Nusu ya kwanza nikamwachia mama watoto. Nusu ya pili ndiyo iliyonipandisha botini.

Kwenda kulikuwa raha. Ziwa limetulia, milima ya Kalehe upande wa kushoto, Shemeji anaimba. Idjwi tukapakia mananasi, ndizi, magunia ya kahawa na watu. Kati ya watu hao, wawili waingie kwenye hadithi. Wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyepanda na mbuzi jike mweusi, akamfunga karibu na mlango wa injini kwa sababu hapo kuna joto na mbuzi hapendi upepo. Wa pili alikuwa mwalimu wa jiografia, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na mfuko uliojaa kopi za mtihani alizokwisha kusahihisha, anapeleka pointi Bukavu.

Tuliporudi na kuanza kuikaribia Bukavu ndipo nilipoona ziwa limebadilika rangi. Chupa, sacheti, kandambili. Takataka za mji huteremka na mvua hadi ziwani, na kwa kuwa maji ya Kivu yana mlango mmoja tu wa kutokea, yaani mto Ruzizi hapo hapo Bukavu, takataka nazo hukusanyika zikielekea huko. Watu wa bwawa la umeme la Ruzizi wanazijua vizuri. Tukapita katikati yake kwa mwendo wa harusi.

Nikasikia bomba la moshi limeacha kukohoa. Badala ya sauti ya maji na moshi, ikawa sauti kavu, ya mtu aliyekunywa pombe kali asubuhi.

"Kapiteni, zima!"

"Tumefika, Fundi! Unaiona Bukavu ile?"

Bukavu niliiona. Hata Goma siku ya jua huona Nyiragongo, lakini kuona si kufika. Turbini ya raba inalainishwa na maji yale yale inayoyasukuma, na yakikosekana inasuguana na shaba mpaka inajila yenyewe. Haihitaji saa. Dakika chache tu. Nikashuka mbio kwenye injini, nikakutana na mvuke unapanda, na harufu ya raba iliyoungua.

Mvuke ulipotokea juu, Mwalimu alisimama.

"Gesi!" akasema. "Ndugu zangu, ni gesi ya ziwa!"

Laiti angeishia hapo. Lakini mwalimu akishapata darasa haliachi. Akawaeleza abiria kwamba chini ya Kivu kuna gesi ya metani kilomita za ujazo 60 hivi, na ile nyingine, gesi ya kaboni, 300 hivi. Kwamba mwaka 1986 ziwa Nyos kule Kameruni lilipumua usiku mmoja likaua watu karibu 1,700, na Nyos mbele ya Kivu ni kikombe. Yote ni kweli. Hakuna hata neno moja la uongo, ndiyo maana ilikuwa mbaya. Mama mmoja akaanza wimbo wa kuomba toba, nyuma wakaupokea kwa sauti mbili. Mtu aliyekuwa anavuta sigara alinyang'anywa na watu ambao hawakumjua.

Nikatoa kichwa mlangoni. "Mwalimu! Hiyo gesi iko kina gani?"

"Nyingi iko chini ya mita 250," akajibu bila kufikiri.

"Na hapa, kwenye ghuba ya Bukavu, kuna mita ngapi?"

Akanyamaza. Ghuba yetu ina kama mita 100 tu, na yeye anaijua kuliko mimi.

"Swali zuri," akasema polepole, "lakini hilo liko kwenye programu ya mwaka ujao."

Kapiteni alizima injini hatimaye. Kimya. Upepo ukaanza kutusukuma taratibu kuelekea mashariki, na mashariki ya pale ni Rwanda. Kapiteni akatangaza kwamba kama tutatua ng'ambo, kila mtu ajieleze mwenyewe.

"Nani ana jeto?"

Mikono miwili ikapanda. Mama mmoja muuza unga, ambaye huvuka mpaka kila siku ya soko, akatoa jeto yake, kile kibali cha kuvukia mpaka, akaifuta kwa kitenge, akasema kwake hakuna shida, wao waendelee tu kusukumwa, atashukia hapo Cyangugu, tena ana deni la kudai huko.

Mimi nikaomba vitu vitatu: tochi, bisibisi, na mtu wa kufunga robine, yaani koki. Pompi iko chini ya usawa wa maji, na ukiifungua wakati robine ya kuingizia maji iko wazi, umelikaribisha ziwa ndani. Nikamwambia Shemeji afunge robine. Akalala kifudifudi, mkono ukapotea chini ya injini, akazungusha, akaguna.

"Imefungwa?"

"Imefungwa, Fundi. Mpaka mwisho."

Kifuniko cha pompi kina skrubu sita. Nilipoilegeza ya nne, maji yalinirukia usoni.

"Shemeji! Umefunga robine gani?"

"Ile ya karibu!"

Nikabana kifuniko kwa viganja viwili. Kichwani nina tochi, kinywani nina skrubu, na kwa hali hiyo huwezi kutukana vizuri. Huko juu kuna aliyechungulia akaona maji. Akatoa taarifa. Abiria wote wakahamia upande wa kulia, kwa sababu wa kwanza alikimbilia huko, boti ikalala upande huo. Kapiteni akawaamuru warudi katikati, wakapita katikati bila kusimama wakaenda kushoto. Mbuzi peke yake ndiye aliyebaki mahali pake. Mama mmoja wa mananasi akateremka na beseni bila kuitwa na mtu, akaanza kuchota na kumwaga, akichota ananiangalia, akimwaga anamwangalia Shemeji.

Shemeji akaipata robine ya kweli. Maji yakakatika.

Nikaitoa turbini. Mabawa manne. Nikahesabu tena, manne. Mawili hayapo, na hapo ndipo kazi inapokuwa kazi, kwa sababu vipande vya raba havipotei. Vinaondoka na maji, vinakwenda kulala mlangoni mwa vijibomba vya kipozeo, na ukifunga turbini mpya bila kuvitafuta, injini itachemka tena na safari hii utamlaumu shetani.

Kapiteni alichungulia. "Yako wapi hayo mawili?"

"Natafuta."

Akageuza macho polepole. Mbuzi alikuwa anatafuna.

"Fundi," Kapiteni akanong'ona, "usitafute mbali."

Mama mwenye mbuzi alikuwa na masikio. "Mbuzi wangu hali raba!"

"Mama, kwa heshima yote, anatafuna nini?"

"Anatafuna mambo yake!"

Kapiteni akasema kuna njia moja tu ya kujua, na akauliza nani ana kisu. Kwa mara ya kwanza tangu gesi, abiria walichangamka. Mtu akauliza kama kuna chumvi. Mama akasimama mbele ya mbuzi, kitenge amekifunga upya kiunoni, na nawaapia, ningekuwa mimi ni Kapiteni, ningeomba msamaha kwa maandishi. Nikawasihi wanipe muda. Nikafungua bomba linalotoka kwenye pompi, nikapata bawa moja limejikunja kwenye kona. Nikafungua mfuniko wa kipozeo, bawa la pili hilo hapo, limejilaza juu ya vijibomba. Nikavinyanyua juu vipande vyote viwili, watu wote waone.

"Mbuzi hana kosa!" nikatangaza.

Mama alipiga vigelegele peke yake. Waliotaja chumvi wakaangalia milima.

Turbini ya akiba haikuwapo, lakini Kapiteni hatupi kitu. Ndani ya kopo la misumari alikuwa ameweka turbini ya zamani iliyotolewa miaka iliyopita. Mabawa yake yamepinda, yana nyufa, lakini sita kamili. Haikuwa ya kuanzia safari. Kwa kuitambaza boti hadi bandarini ingetosha. Kuiingiza kunataka utelezi, na grisi haifai, inaila raba. Nikaomba sabuni. Mama wa mananasi akatoa kipande cha sabuni ya kufulia, akasema anakitaka kirudi.

Hapo nikafanya jambo lisilopaswa kufanywa mbele ya umati. Mabawa ya turbini huinamishwa kufuata upande inakozunguka, nami nikauliza kwa sauti, nikijiuliza mwenyewe, inazunguka kulia au kushoto? Kapiteni akasema kulia. Shemeji akasema kushoto. Mwalimu akapendekeza kura. Wakapiga kura kweli, kwa kunyoosha mikono, wengine mikono miwili, na matokeo yakatangazwa na Kapiteni kabla hesabu haijaisha, upande wa kushoto ukapinga, ukadai kuna watu wa upande wa mbele ambao hawakufikiwa. Wakati wanabishana niligusa stata kidogo, nikauona mhimili unavyokwenda, nikaingiza turbini. Mpaka leo sijawaambia nani alishinda.

Ikabaki gasketi. Ile ya karatasi kati ya kifuniko na pompi ilichanika nilipofungua. Hii ni karatasi nyembamba, lakini wembamba wake una mambo. Ikiwa nene mno, turbini inapata nafasi pembeni na hainyonyi. Ikiwa nyembamba mno, kifuniko kinaisugua. Nikaangalia huku na huku. Macho yangu yakatua kwenye mfuko wa Mwalimu.

"Hapana," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Mwalimu, moja tu."

"Hizi ni hati za serikali!"

Mama wa unga akamkumbusha kwamba hati za serikali zitamfaa sana atakapohojiwa Cyangugu bila jeto. Mwalimu akafungua mfuko, akatoa kopi ya juu kabisa, ya binti mmoja aliyepata 17 juu ya 20. Karatasi mbili zilizoshikana, unene ule ule niliotaka. Nikaweka kifuniko juu yake, nikachora, nikakata vizuri, nikatoboa matundu sita, nikaiweka pembeni nifute mikono.

Nilisikia sauti ndogo, ya starehe.

Mbuzi niliyemtetea mbele ya kadamnasi alikuwa anamalizia jibu la swali la tatu.

Sitaeleza aliyosema Mwalimu. Alikuwa mtu wa kanisa na natumaini amesamehewa. Alipotulia alipekua mfuko mzima mpaka chini, akatoa kopi nyingine, akanikabidhi bila huzuni. 4 juu ya 20.

"Chukua huyu," akasema. "Nimeuliza maji ya Ziwa Kivu yanatokea kwa mto gani. Mto wenyewe uko hapo, wanauona wakija mjini. Kaandika Nili."

Nikakata. Duara likapita juu ya pointi zenyewe, ile 4 nyekundu ikabaki kwenye pembe ya tundu la skrubu, na Nili ikakaa upande wa chini. Nikapaka grisi kidogo pande zote mbili, maana karatasi, tofauti na raba, haiogopi grisi. Nikafunga skrubu sita kwa msalaba, moja huku moja kule. Shemeji, ambaye alikuwa na la kufidia, akavua shati akajitupa majini. Kivu haina mamba wala kiboko, kwa hiyo ushujaa ule haukuwa mkubwa kama alivyousimulia baadaye. Akaibuka na mfuko mweusi wa plastiki mpana kuliko kifua chake. Ndio uliokuwa umefunika mdomo wa kunyonyea.

Nikafungua robine ya maji kwa mkono wangu. Kabla ya kupanda juu, nikachukua msumari nikaing'oa shikleti. Tone la kwanza likaanguka.

"Inavuja tena!" Kapiteni akapiga kelele.

"Sasa inavuja vizuri," nikamwambia, nikaweka kopo la maziwa ya unga chini yake.

Stata ikazunguka. Injini haikuwaka. Ikazunguka tena, na betri ikaanza kuchoka. Abiria wakaniangalia, kisha wakaangalia pompi.

"Ni kopi hiyo," Kapiteni akasema kwa uchungu. "Umetia kopi ya mjinga kwenye mashine ya bahari."

Pompi ya maji na kuwaka kwa injini ni vitu viwili visivyosalimiana. Nikakaa chini nikafikiri, na kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyomwona Shemeji amelala kifudifudi anaguna. Robine ya karibu. Nikaingiza mkono. Robine ya mazutu, imefungwa mpaka mwisho, sawasawa na alivyoniahidi.

Nikaifungua, lakini hewa ilikuwa imekwisha kuingia kwenye bomba. Nikalegeza boliti ya juu ya filta, nikasukuma kile kipompi cha mkono, povu likatoka, likatoka, mpaka mazutu ikaja safi bila mapovu, nikakaza. Stata ikazunguka kwa nguvu zake za mwisho. Injini ikashika. Na bomba la moshi likakohoa, likatema maji, abiria wakapiga makofi isipokuwa mama wa unga, aliyekuwa amekwisha kuliona deni lake.

Tuliingia bandarini polepole, pigo la chini kabisa. Patro alinilipa ile nusu, akataka kumkata Shemeji, akahesabu kitu kimya kimya kwenye vidole, akaacha. Sili ilipofika kutoka Mwanza niliitoa pompi nzima, nikang'arisha mhimili pale ambapo sili ya zamani ilikuwa imechimba mfereji, nikaweka sili mpya zote mbili na turbini mpya. Kitundu kikakauka kwa haki. Gasketi haikuwamo kwenye kile kifurushi, na ile ya kopi nilipoikagua nilikuta haina hata mkwaruzo. Nikaibakiza.

Nilidhani mambo yameisha. Siku moja Patro akanipigia, safari hii boti haitoi jasho, inadaiwa. Nilipofika nikamkuta Mwalimu, shati lilelile jeupe, na pembeni yake mzee mmoja mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, kutoka Idjwi, kofia mkononi. Mtoto wake alikuwa amemwambia kwamba alipata 14. Mzee alikwenda shuleni kuomba kuiona kopi, na Mwalimu akamjibu, kwa ukweli wake wote, kwamba kopi iko ndani ya boti, kwenye pompi, inazuia maji. Mzee alielewa kwamba anafanyiwa mzaha. Alikuja Bukavu kuona.

Patro hakutaka nifungue. Pompi haivuji, kwa nini kuichokoza? Mzee akatoa ndoo ya sambaza wabichi. Patro akachungulia ndani ya ndoo, akasema fungua.

Safari hii robine nilifunga mwenyewe. Nikatoa skrubu sita, nikaibandua gasketi kwa ncha ya kisu, nikaipangusa, nikampa mzee. Wino wa Bic hauna aibu: 4 juu ya 20, nyekundu, na kwa chini, kwa mwandiko wa mtoto, Nili. Mzee aliigeuza mara kadhaa. Akaisogeza kwenye mwanga. Akainama akaitazama pompi, akauliza maji yanapita wapi, nikamwonyesha. Akauliza siku ile tulikuwa watu wangapi. Kapiteni akasema boti ilijaa.

"Mwalimu," mzee akasema kwa upole, "mtoto hajui maji ya Kivu yanatokea wapi. Sawa. Lakini haya ameyazuia."

Mwalimu akamwangalia Kapiteni, Kapiteni akaangalia milima. Akachomoa kalamu nyekundu mfukoni, akaiweka gasketi juu ya goti, akaikata ile 4, akaandika pembeni yake, akatia saini.

"Kumi," akasema. "Zaidi ya hapo, lazima aandike Ruzizi."